Nani apewe nafasi ya biarusi?

Agosti 2025 ukumbi wa Delacorte, ulioko ndani ya bustani ya Central Park jijini New York, ulifunguliwa tena baada ya matengenezo yaliyokula dola milioni 85 hivi. Ni ukumbi usio na paa, na tangu mwaka 1962 watu huingia humo kutazama Shakespeare bila kulipa. Mchezo uliochaguliwa kuufungua ulikuwa Twelfth Night: pacha wawili, mwanamke na mwanamume, wamo safarini, chombo chao kinavunjika baharini, na kila mmoja anatupwa ufukweni peke yake akiamini mwenzake kafa maji. Aliyeigiza Viola ni Lupita Nyong'o. Aliyeigiza Sebastian ni Junior Nyong'o, mdogo wake wa baba na mama mmoja. Mwongozaji, Saheem Ali, ni mzaliwa wa Nairobi aliyefahamiana na Lupita tangu ujana wao huko huko. Na katikati ya Kiingereza cha miaka 400 iliyopita, pacha hao walikuwa wakichomeka Kiswahili, maana wao ni wageni katika nchi ile na kwao wana lugha yao.

Mimi Kiswahili hicho nilikisikilizia Chokocho, kwenye simu ya mtoto wa dada yangu. Chokocho ni kijiji cha Wilaya ya Mkoani, Kusini Pemba, na wengi wanaijua kwa sababu ndipo wanapopandia chombo watu wa Kisiwa Panza. Aliyekosa boti hana pa kwenda, atakaa kitako asubiri jengine. Jioni ile walikuwapo wanawake kadhaa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, mikono inakwenda yenyewe, macho yana nafasi. Simu ikazunguka.

Kwanza walimsahihisha Lupita Kiswahili chake. Wapemba katika jambo hilo hawana huruma, na mtu wa Nairobi akifungua kinywa mbele yao atoke na alama zozote atakazojaaliwa. Kisha mmoja, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mwepesi, akaitazama sura kwenye kioo, akaisogeza karibu, akasema: "Mweusi tii namna hii, na ndiye waliyemweka mbele?" Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu, kama mtu anavyoshangaa bei ya kitu. Na yeye mwenyewe, nilivyomtazama, hakumzidi Lupita weupe hata kidogo.

Bibi aliyekuwa pembeni, ambaye hakuwa ameomba simu, akauliza jambo jengine kabisa. "Na huyo nduguye, alipatikana?"

Nianze na la yule wa kwanza, maana ndilo lenye maneno mengi.

Lupita alizaliwa Mexico City, Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, yuko ugenini. Alikulia Nairobi. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players, na jambo hilo hutajwa kwa wepesi katika kila wasifu wake, kana kwamba mtoto mweusi kuwa Juliet jijini Nairobi ni kitu kilichokuwapo siku zote. Sivyo. Phoenix ilikuwa mrithi wa ukumbi wa Donovan Maule, ulioanzishwa na mume na mke Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ili walowezi wapate michezo ya London bila kupanda meli. Ukumbi wa Taifa wa Kenya nao ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Hata mwaka 1976, Kenya ikiwa huru kwa zaidi ya miaka kumi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipotaka kuonyesha The Trial of Dedan Kimathi katika ukumbi huo wa taifa, walibanwa wakapewa siku chache tu katikati ya burudani za kigeni zilizokwisha kupangiwa tarehe nono. Kimathi, aliyenyongwa na Waingereza, alilazimika kupisha michezo ya kuigiza ya Wazungu nchini kwake. Juliet wa miaka 14 alikanyaga jukwaa lenye historia hiyo.

Lakini kisa anachokisimulia mwenyewe kuhusu rangi yake hakianzii jukwaani. Kinaanzia kitandani, usiku, mtoto anamuomba Mungu amgeuze aamke mweupe, na asubuhi anakwenda kujitazama kwenye kioo kama dua imejibiwa. Aliyasema hayo Februari 2014, katika hafla ya jarida la Essence kwa wanawake weusi wa Hollywood. Alieleza kwamba alipata barua kutoka kwa msichana aliyekuwa mbioni kununua krimu ya kujichubua, kisha akamwona Lupita akasita. Na alieleza kwamba yeye mwenyewe aliokolewa na sura ya mtu mwengine: Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini, mweusi wa mweusi, ambaye ghafla akawa anasifiwa kila pahali. Mama yake, anasema, alikuwa akimwambia kwamba uzuri hauliwi. Aliichukia kauli hiyo muda mrefu kabla ya kuielewa. Mwaka 2019 mambo hayo aliyafanya kitabu cha watoto, Sulwe, jina la Kijaluo lenye maana ya nyota.

Kuna kazi yake moja ya zamani ambayo watu hawaitaji sana, nami naiona ina uzito kuliko hotuba. Kabla hajajulikana, mwaka 2009, alitengeneza filamu ya maisha halisi, In My Genes, juu ya Wakenya wenye ualbino. Yaani msichana aliyelilia weupe akaenda kukaa na Waafrika waliozaliwa weupe, akawasikiliza wanavyotendwa na watu weusi. Sijui kama alipanga iwe hivyo. Anayezijua habari za ualbino Tanzania Bara miaka ile hahitaji kufafanuliwa.

Machi 2014 alichukua Oscar kwa nafasi ya Patsey, mtumwa katika 12 Years a Slave. Alikuwa mwanamke mweusi wa sita kushinda tuzo ya mwigizaji msaidizi. Wa kwanza alikuwa Hattie McDaniel, mwaka 1940, kwa nafasi ya mtumwa wa nyumbani katika Gone with the Wind. Usiku wa tuzo McDaniel aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, kwa sababu hoteli ile ya Los Angeles haikuwa ikipokea watu weusi. Miaka 74 kati ya wanawake hao wawili, na nafasi zao zote mbili ni mtumwa. Lupita hakuketishwa pembeni. Lakini mwaka 2025 aliiambia CNN yaliyomkuta baadaye: alidhani milango imefunguka, nafasi za mbele zitamiminika, kumbe alichokuwa akiletewa ni mtumwa tena, na safari moja mtumwa aliyemo melini. Ukizitazama filamu kubwa zilizofuata mara baada ya tuzo, katika Star Wars ya mwaka 2015 alikuwa kiumbe cha kompyuta, na katika The Jungle Book ya 2016 alikuwa sauti ya mbwa mwitu. Uso ulioshangiliwa dunia nzima ukapumzishwa.

Akarudi jukwaani. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira, Mmarekani mwenye asili ya Zimbabwe, juu ya wanawake waliokamatwa katika vita vya Liberia. Mwigizaji wa akiba hujifunza maneno yote, hukaa nyuma ya pazia kila usiku, na huomba dua ambayo haifai kusemwa kwa sauti, yaani mwenziwe apate homa. Homa haikuja. Alipopata jina, akauomba mchezo ule ule. Mwaka 2016 ukaingia Broadway: waigizaji wote wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, mwongozaji mwanamke mweusi, Liesl Tommy wa Afrika Kusini. Halijawahi kutokea Broadway kabla ya hapo. Mshahara wa jukwaani haukaribii hata mlangoni mwa mshahara wa filamu, na anayelipwa vizuri akachagua kulipwa kidogo lazima aulizwe kwa nini. Jawabu ninaloliona mimi ni kwamba pale palikuwa na wanawake watano, kila mmoja na tabia yake, na hakuna aliyebebeshwa kazi ya kuwa "yule mweusi". Wote wakiwa weusi, rangi inaacha kuwa nafasi, na mtu anabaki na kazi ya kuigiza.

Na sauti vilevile. Ameeleza katika kipindi chake cha kusikiliza, Mind Your Own, kwamba Yale alijifunza kuzungumza kama Mmarekani hadi lafudhi ya kwao ikapotea, na alipotaka kuirudia ilimpa taabu. Kwa hiyo Viola kuzungumza Kiswahili Central Park halikuwa pambo. Kabla yake kilikwisha kusikika London, mwaka 2012, pale Globe ilipoalika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na Wakenya wakapeleka Wanawake wa Heri wa Winsa, Falstaff akiwa Mrisho Mpoto wa Tanzania. Na kabla ya hao wote ni Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Julius Caesar mwaka 1963 huku anaendesha nchi. Shakespeare wa Kiswahili tunaye zamani. Aliyekosekana ni msichana mwenye weusi wa Lupita kuwekwa katikati yake bila mtu kuuliza.

Maana sisi wa pwani tunapenda kusema ubaguzi ni wa Wazungu. Huo ni usemi wa starehe.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, wazazi wenye asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911 na kuanza kuimba, wapinzani wake hawakumkosoa sauti, kwa kuwa sauti haikuwa na pa kukosolewa. Walimkosoa sura na asili. Walimtungia wimbo wa kumuuliza tangu lini naye akawa mtu, naye akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay akarekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na santuri hizo zikauzwa pwani nzima, zikaingia hata katika nyumba za waliomcheka. Santuri haina uso. Nimelifikiria sana hilo nilipokuwa nasoma habari za Lupita na mbwa mwitu wake.

Hiyo ni Unguja, na ni zamani. Sasa nirudi Pemba.

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, harusi hufuatana. Na usiku mmoja wa harusi ni wa wanawake peke yao, uani, makuti yamezungushwa, mlangoni kapu la kukusanyia simu. Humo ndani kuna tamthilia. Hakuna anayeiita hivyo, lakini mimi nimekaa katika kumbi za Dar es Salaam nikatazama michezo ya watu wenye shahada, na siwezi kusema nimecheka wala kulia zaidi ya humo. Mchezo unaopendwa ni wa mume aliyetoka dago. Kakaa miezi kambini kwa wavuvi, anarudi na changu mmoja mkononi na maneno mengi, na mkewe naye ana maneno yake. Anayeigiza mume ni mwanamke. Kanzu ya kaka yake, kofia ya vito, bakora, na masharubu ya masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi ili yasidondoke. Mwaka huo niliouona mimi, yule mwigizaji aliingia akasimama tu, hakusema neno, akaunyoosha mgongo kwa ugumu wa mwanamume aliyelala chini miezi mitatu, akalitazama sufuria tupu jikoni, kisha akamtazama mkewe, kisha sufuria tena. Watu walishika mbavu kabla hajafungua mdomo. Wakati huohuo aliweza kuugeuza mchezo: alipokaa kitako na kuhesabu deni la mashine ya boti kwa vidole, ua mzima ulinyamaza, maana hesabu ile kila mmoja anayo kwake.

Kwa hiyo mtoto wa dada yangu, mwenye simu, alipowasimulia wanawake wa Chokocho kwamba Viola anavaa nguo za kiume, anaajiriwa na bwana mkubwa, anampenda kimyakimya, na bibi mmoja tajiri anampenda yeye akidhani ni mwanamume, hawakushangaa. Walisema haya wanayo. Na kwa kweli wanayo, tena kwa njia iliyo kinyume na ya Shakespeare mwenyewe, ambaye katika zama zake wanawake hawakuruhusiwa jukwaani na Viola aliigizwa na mvulana. Kwetu jukwaa la hadhara lilikuwa hivyo hivyo muda mrefu, na vichekesho vingi bado viko hivyo: mwanamke anayeonekana mbele za watu ni mwanamume aliyejifunga kanga na kujaza matambara kifuani. Mwanamke halisi anaigiza uani, anaigiza mwanamume, na mwanamume haruhusiwi kumwona.

Huyo mwigizaji wa masharubu ndiye yule wa makamo aliyeshangaa weusi wa Lupita. Miaka yote niliyomjua ni mume, ni mganga, ni mtumishi, ni karani wa serikali mwenye kiburi. Biarusi hajawahi kuwa. Biarusi wa mchezo hupewa msichana mweupe, hata kama hajui kuigiza, hata kama anakaa pale akichezea pindo la kanga na kusahau alichofunzwa. Niliuliza kwa nini. Hakuna aliyesema rangi. Walisema poda. Poda ya dukani, akipakwa, humfanya kama aliyetoka kupepeta unga, na biarusi hatakiwi kuchekwa.

Jawabu hilo nililiheshimu kuliko nilivyotaka, maana lina ukweli ndani yake. Poda zinazoteremshwa Mkoani zilichanganywa kwa nyuso za watu wengine. Kampuni ya Lancôme, ya Ufaransa, ilikuwa na umri wa karibu miaka 80 ilipomteua, mwaka 2014, mwanamke aliyetajwa kuwa mweusi wa kwanza kuwa balozi wa vipodozi vyake, na mwanamke huyo ni Lupita. Biashara hiyo haikufika Chokocho. Krimu za magendo zenye zebaki na haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku, zinafika bila taabu. Wakati huohuo singo na liwa za bibi zetu, zinazosuguliwa mwilini mwa biarusi siku saba, hazibadilishi rangi ya mtu. Zinamng'arisha kwa rangi aliyonayo. Basi poda ni sababu, lakini si sababu yote. Aliyeamua biarusi lazima apakwe poda nyeupe alikwisha amua biarusi ni nani.

Filamu ya Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inaligusa jambo hili kwa Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi anayekimbia ndoa, ndiye wa katikati. Mwajuma, rafiki mweusi anayempokea, anaigizwa na mwimbaji Siti Amina. Nampenda Mwajuma kuliko Yasmin, na nadhani nusu ya watazamaji wangekubali nami. Ana nyumba, ana sauti, ana ucheshi, hamuogopi mtu. Lakini riwaya ilikwisha kupanga kwamba mapenzi makubwa na mateso makubwa ni ya Yasmin, na Mwajuma ni mlango wa kupitia. Waliopewa nafasi za katikati mapema katika nchi hii walikuwa Bara, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Penina Muhando aliyeziandika mwenyewe, na Amandina Lihamba, aliyeigiza, akaongoza, akafundisha, na katika Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar, akasimama na BarbaraO, mwigizaji Mmarekani mweusi, wanawake wawili wa rangi moja wanaotafuta bibi mmoja. Pemba hatukupata chuo hicho. Tulipata uani.

Sasa swali la bibi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyotoka Unguja kuja Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kupakia watu 600 na kitu. Waliomo walizidi 2,000, wengi wakirudi makwao baada ya Idi. Maiti 203 zilipatikana. Tume iliyochunguza ilieleza kwamba zaidi ya watu 1,300 hawakuonekana. Ndiyo idadi ninayotaka msomaji wa bara aielewe. Waliozikwa wana kaburi. Hawa wengine walisaliwa ghaibu, na eda ikahesabiwa kwa kukadiria, na mirathi ikangoja, na katika kila kijiji cha kisiwa hiki yupo mtu ambaye mpaka leo akiona mgeni anashuka chomboni humtazama mara mbili.

Bibi yule ana wake aliyekuwamo. Hakunieleza mimi, nilielezwa na wengine. Kwa hiyo alipomwona Viola amesimama ufukweni, katika Kiswahili ambacho wenziwe walikuwa wakikitia makosa, hakuona rangi wala Marekani wala Oscar. Aliona dada aliyeambiwa kaka yake kazama. Mtoto wa dada yangu akamjibu kwamba ndiyo, alipatikana, mwisho wa mchezo wanakutana. Akataka aonyeshwe hapo. Kipande kile hakikuwa na mwisho, ni cha dakika moja, na mchezo mzima, uliorushwa na PBS ya Marekani Novemba 2025, haukuwamo katika simu. Akasema basi, akirudisha mkono kwenye kamba, mwambieni huyo aliyetunga kwamba wengine hawapatikani.

Nimesoma hoja nyingi za wasanii kuhusu uwakilishi, na nyingi husimama kwenye ngozi: mtoto mweusi amwone mweusi. Lupita mwenyewe kaisimamia hoja hiyo kwa sababu ilimwokoa, na sithubutu kuibeza. Lakini Chokocho aliyefanana naye ngozi alishangaa, na asiyeijali ngozi ndiye aliyejiona. Wote wawili walikuwa sahihi kwa walichokiona, na wote wawili wanakaa kijiji kimoja ambacho hakimpi mweusi nafasi ya biarusi.

Mtoto wa dada yangu hakuachia hapo. Ni mwalimu wa kujitolea, ana umri wa kudhani kila kitu kinawezekana. Akataka harusi inayokuja, badala ya mume wa dago, wacheze kisa cha Viola, kwa Kipemba, na nchi ya ugenini iwe ng'ambo ya maji, Kisiwa Panza. Wakubwa walikutana, wakatia masharti. La kwanza: chombo kisionyeshwe kikizama, wala mtu asijitie kuzama hata kwa utani. Mchezo uanze watu wakiwa wameshafika mchangani. La pili: jina la mwanamume aliyepotea lisiwe jina la mtu yeyote wa hapo. Yote mawili yakakubaliwa bila ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye pacha. Walikuwapo wasichana wawili wanaoweza, mmoja maji ya kunde, mmoja mweusi, na wengi wakasema haitasadikika, pacha gani hao. Mtoto wa dada yangu akasema hata Lupita na nduguye si pacha. Haikusaidia. Ni bibi, ambaye hakualikwa kwenye mkutano na alikuwa amekuja kudai sufuria lake, aliyeuliza: "Kwani nyie mama zenu walizaa rangi moja?" Wakatazamana. Nyumba ya kwanza pale, watoto saba, rangi nne. Mweusi akapewa Viola.

Mimi nilikuwa na jina jengine kichwani. Nikamfuata yule wa masharubu nikamwambia, dada, huu ndio wakati wako, mchezo huu una Olivia, bibi tajiri, anaolewa mwishoni, na poda inayokufaa nitaiagiza mimi Dar es Salaam. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo siku nyingi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kuhusu yule mwengine, yule msimamizi wa nyumba anayejiona, anayeletewa barua ya uongo akadhani anapendwa na bibi yake, akatokea mbele za watu na soksi za manjano. Huko New York aliigizwa na Peter Dinklage, nikamwambia, na kwa kweli ni nafasi ya kuchekwa.

"Hiyo," akasema. "Olivia mpe anayependa kukaa kitako."

Nikambishia kidogo, kwa ajili ya heshima ya hoja yangu. Akanijibu kwamba kukaa biarusi alikwisha kaa, siku yake mwenyewe, na alipakwa poda hiyo hiyo na hakuna aliyecheka kwa kuwa mama yake alisimama mlangoni. Sasa anachotaka ni soksi. Soksi za manjano Chokocho hazipo. Madukani Kengeja, huku huku Pemba, zipo za kijani za shule. Amemtuma mtu Mkoani, na kama hazikupatikana, anasema, atazichovya nyeupe kwenye manjano ya jikoni, mradi mvua isinyeshe siku ya mchezo.